Valvu Inayofungwa Kushoto

Wageni waliondoka Karatu kama watu waliosikia nyumba inaungua. Jumatatu moja magari yao yalikuwa yamejipanga kwenye vituo vya mafuta, vumbi la Ngorongoro likiwa bado kwenye vioo. Jumatatu chache baadaye nilisimama kona ya barabara kuu asubuhi nzima, nikahesabu magari mawili tu ya watalii. Nikarudia kuhesabu, maana ndivyo nilivyo. Lilikuwa moja, limepita likienda na likirudi.

Mimi nilikuwa kwenye kikosi cha maji cha mji. Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na miwili kwenye vitunguu vya Mang'ola, nikinunua shambani na kuuza kwenye malori. Kazi hiyo inakufundisha kutoamini gunia lililoshonwa na mtu mwingine. Unalifungua, unahesabu, unalishona, na kabla halijapanda lori unalifungua tena. Mgongo ulipogoma kubeba, nikaomba kibarua cha maji. Msimamizi aliniuliza ninajua nini kuhusu mabomba. Nikamwambia sijui kitu, ila naweza kuhesabu bila kukosea. Akacheka, akaniandika. Baadaye nikaambiwa ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Kwa sababu kazi ya valvu ni kuhesabu. Valvu, kifungio cha bomba, iko shimoni, ndani ya chemba ya zege yenye mfuniko wa chuma. Unateremsha ufunguo, chuma kirefu kinachonifika kifuani chenye mkono wa kukingama juu, unashika huku na huku, unazungusha. Huoni kinachotokea chini. Unachojua ni idadi ya mizunguko. Valvu ya sokoni mizunguko kumi na minne, ya stendi kumi na minane. Ukikosea mmoja, mtaa mzima unakujua kwa ubaya kabla ya saa sita mchana.

Tulikuwa watatu. Fundi wetu mkuu tulimwita Mzee, mwenyeji wa hapa hapa, mtu wa maneno machache aliyeanza kufukia mabomba kabla baadhi ya wakubwa zake hawajazaliwa. Dereva alikuwa mtu wa Rombo, umri wake kama wangu, aliyehamia Karatu kufuata hela za utalii akaishia kuendesha pikapu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenzake wote wa Kilimanjaro, na yeye aliitika kana kwamba alisimikwa uchifu kweli. Wa tatu mimi.

Korona ilipoingia tukaambiwa sisi ni watu wa huduma muhimu. Hatukuwahi kuitwa hivyo. Tukapewa barakoa tatu za kitambaa na ndoo moja ya kunawia yenye koki. Ndoo ilikuwa tupu.

"Maji mnayo wenyewe," akasema aliyetukabidhi.

Redio ilikuwa inasema nawa mikono, kanisani nawa mikono, kila duka limeweka ndoo mlangoni. Mji mzima ukanawa. Na wiki hiyo hiyo mabomba yakaanza kupasuka.

La kwanza nyuma ya soko. La pili karibu na gereji. La tatu lilipasukia uani kwa mtu, likamwangushia banda la kuku. Bodaboda wa pale kona wakapata kazi mpya, maana abiria hawakuwepo: kututania sisi.

"Mama Maji! Mnatujengea bwawa ili watalii warudi?"

"Nawajengeeni nyie," nikawaambia. "Mjue kuogelea, maana kuoga hamjui."

Mzee ndiye aliyetueleza. Alikuwa amechuchumaa juu ya mtaro, anasikiliza bomba kama daktari.

"Mgeni mmoja," alisema, "anaoga asubuhi. Anaoga akitoka kreta ya Ngorongoro. Anaoga kabla ya kula. Bado mashuka yake, bado bwawa, bado bustani. Hao ndio waliokuwa wanatupunguzia nguvu ya maji kule juu. Sasa loji za watalii zimefungwa, nguvu yote inatushukia sisi, kwenye mabomba yenye viraka."

"Kwa hiyo tumwombe mzungu arudi aje aoge?" Mangi akauliza.

"Tutabana valvu ya juu. Ni rahisi kuliko kumwomba mzungu."

Valvu ya juu iko ukingoni mwa msitu, pale maji ya chemchemi yanapotoka nyanda za juu na kugawanyika, mkono mmoja kwenda kwenye loji, mwingine kushuka mjini. Ni ya zamani kuliko zote. Iliwekwa na wageni waliojenga mradi wa kwanza, na Mzee peke yake ndiye aliyeigusa miaka yote hiyo.

Siku aliyotakiwa kwenda kuibana ndiyo siku barua yake ilipokuja. Wote waliopita miaka sitini, na wote wenye maradhi ya kifua, wakae nyumbani. Mzee alikuwa navyo vyote viwili. Injinia wetu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata shimoni, alimsomea barua kwa mbali.

"Nina pumu miaka arobaini," Mzee akasema. "Na nimechimba miaka arobaini. Hiyo korona imenikuta kazini."

"Ni amri, Mzee wangu. Si mimi."

"Najua si wewe. Wewe hujachimba."

Akakusanya vitu vyake: jembe lake la mpini mfupi, koti, redio. Tukakaa kwenye ngazi ya ofisi, yeye ngazi ya juu, mimi ya chini kabisa, akanipa hesabu za valvu zote kumi na nne. Nikaziandika kwenye daftari. Nikamsomea. Akasahihisha moja. Nikamsomea tena.

"Ya juu?"

"Iko nusu sasa. Funga kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Kumi na moja. Nenda polepole, usikilize."

Nikaenda polepole. Mangi aliniacha ukingoni mwa msitu asubuhi, ukungu haujaondoka. Nikashusha ufunguo, nikazungusha kulia, upande wa kufunga, kumi na moja. Ilikuwa nzito mwanzo, kisha ikalegea. Maji yakapiga mluzi chini ya ardhi. Nikasema, yanalia kwa kubanwa. Nikamwita Mangi aje asikie. Akasikia, akasema yanalia kweli. Tukashuka tukiwa tumeridhika, tukanywa chai.

Kesho yake saa moja asubuhi barabara iliyo juu ya kituo cha afya ilikuwa imefunguka kama mkate. Matope yalirukia ukuta. Lile lilikuwa bomba kubwa linalopeleka maji kituoni kwenyewe, bomba ambalo halikuwahi kutupa shida hata siku moja.

Nikampigia Mzee. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akauliza mluzi ulikuwa wa namna gani. Nikamwigia kwenye simu, watu wakinitazama.

"Ulizungusha upande gani?"

"Wa kufunga."

"Upi?"

"Kulia, Mzee. Kuna valvu inafungwa upande gani mwingine?"

"Hiyo," akasema. "Hiyo moja inafungwa kushoto."

Mizunguko kumi na mmoja. Nilikuwa nimeihesabu vizuri kabisa na kuifungua yote. Mzee hakuniambia kwa sababu mikono yake ilijua miaka yote, na mtu hakumbuki kueleza kinachojulikana na mikono. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na namba, na mwenye namba hujiona ana kila kitu. Nikapanda juu na Mangi, nikarudisha kushoto, kumi na moja ya kufuta kosa na kumi na moja ya kufunga. Mluzi ukakatika. Lakini bomba lilikuwa limeshakwenda.

Injinia alikuja na daftari lake. Alitaka kuandika kwamba fundi mkuu hakukabidhi kazi inavyotakiwa. Ilikuwa njia nyepesi, Mzee hayupo na hawezi kujibu.

"Andika mimi," nikamwambia.

"Lakini hukuelekezwa."

"Nilielekezwa kumi na moja. Sikuuliza upande. Andika mimi, na jina uliandike vizuri, watu hulikosea."

Akaandika. Halafu akatoa amri: laini ya kituo cha afya ifungwe kabisa hadi vifaa vipatikane Arusha. Wiki mbili, labda tatu, maana wenye maduka wa huko nao walikuwa wanafungua wanavyojisikia.

Hapo ndipo lazima niseme kilichokuwa kinanikereketa. Binti yangu wa kwanza alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache. Mume wake alikuwa dereva wa watalii; magari yalipopaki alikwenda Mang'ola kung'oa vitunguu kwa kutwa, na binti akarudi kwangu. Alikuwa ajifungulie kituo kile kile ambacho nilikuwa nimekikaushia maji kwa mikono yangu miwili.

Siku ya tatu alirudi kutoka kliniki, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Mama, wamebandika tangazo."

"Linasema nini?"

"Kila anayekuja kujifungua aje na maji yake. Madumu matatu." Akanitazama. "Na kule kwenye benchi wanasema bomba ulilipasua wewe."

"Wanasema kweli."

"Nikawaambia ni uongo."

"Basi rudi ukawaambie ni kweli. Na uwaambie nalitengeneza."

Nikaenda mwenyewe kwa nesi wa zamu. Alikuwa amesimama ndani ya geti, mimi nje, na ndoo yao ya kunawia kati yetu ilikuwa na maji ya kimo cha vidole viwili. Nilizoea kwamba kila bei ina sehemu ya kushuka.

"Madumu matatu mengi, dada. Wengine wanatoka Endabash kwa bodaboda. Fanya mawili."

"Mama, hapa si sokoni. Mtoto hapunguzi damu." Akaonyesha ndani kwa kidevu. "Jana nimeosha mikono kwa kikombe. Kikombe kimoja, akina mama wawili. Na mnatutangazia tunawe."

Sikutaja bei nyingine. Hiyo si hali yangu ya kawaida.

Nikakaa kwenye pikapu, nikamwambia Mangi kwamba wiki mbili hazipo. Akauliza vifaa vitatoka wapi, vitaota? Nikamwambia afikirie: nani Karatu ana stoo ya mabomba mapya ambayo hayatumiki? Akafikiri. Kisha akawasha gari, akageuza kuelekea loji.

Ile tuliyokwenda ilikuwa juu kabisa, bustani na vijumba vya nyasi, geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alikuwa Mmasai wa makamo, shuka lake, rungu lake, na barakoa ya bluu aliyoivaa kama kilemba. Wenzake wote walikuwa wamepelekwa likizo isiyo na mshahara. Yeye alibaki na nyani.

"Yeyo," alinisalimia, akiniita mama kwa lugha yake. "Hakuna vyumba."

"Sina haja ya chumba. Una klampu za inchi sita?"

Klampu ni vishikizo vya chuma vinavyokumbatia bomba pale lilipopasuka. Alikuwa nazo mbili, na bomba zima la mita sita, vimelala stoo. Lakini vilikuwa vya bosi, na bosi alikuwa Ulaya.

"Mpigie."

"Yeye ndiye hupiga. Kila Ijumaa. Anataka nimwonyeshe majani kwa video." Akaonyesha nyuma yake. Uwanja wa majani uliokuwa unapigwa picha na watalii ulikuwa umekuwa rangi ya mkate. "Ijumaa iliyopita nilimwonyesha upande ule wenye kivuli. Nimebaki na kivuli kidogo."

Tangu tulipobana valvu ya juu, mkono wa loji ulikuwa haupati kitu. Nikatazama majani, nikamtazama yeye. Hilo ndilo gunia lililokuwa limefunguka.

"Saa moja ya maji kila Alhamisi," nikasema. "Bosi akipiga Ijumaa anakuta kijani."

"Saa tatu."

"Saa moja na nusu. Watu wananawa kwa kikombe kule chini."

"Saa mbili, Yeyo, na uniletee chumvi ya ng'ombe ukipanda."

"Saa moja na nusu na chumvi."

Akafungua mnyororo. Baadaye aliniambia angekubali saa moja bila chumvi, kwa sababu dada yake naye alijifungulia kwenye kituo kile kile. Nikamwambia mimi ningefika saa tatu. Tukacheka, kila mtu akijiona kapigwa.

Tulichimba siku mbili, mimi na Mangi, na Mzee. Ndiyo, Mzee. Alitokea asubuhi na kigoda chake, akakiweka kando ya barabara.

"Nimekaa nyumbani kama barua ilivyosema," akatangaza. "Sasa nimekaa hapa."

Nikamwambia akae umbali wa hatua kumi. Nikazipima. Zikawa tisa, nikamrudisha nyuma moja. Kutoka pale alituongoza kwa kupiga kelele, akisimama kupumua kila baada ya sentensi. Kata pale. Si pale, pale. Safisha kutu mpaka bomba ling'ae. Kaza nati kimsalaba, msikaze upande mmoja mkamaliza. Wenye nyumba za pale hawakutaka tuchimbe mbele ya milango yao. Mmoja alitoka na ufagio, akasema maji yakifika kwa wagonjwa yatarudi na ugonjwa kwake.

"Mama, maji yanashuka," nikamwambia. "Kituo kiko chini yako. Ukiona maji yanapanda mlima, niite, na mimi nitakimbia."

"Na hizo barakoa zenu chafu?"

"Hizi ni mpya. Uchafu ni wa barabara yako."

Akasonya. Lakini saa sita alitutolea uji kwenye birika, akauweka juu ya jiwe, akarudi nyuma haraka kama anayewalisha mbwa wasiojulikana. Tukanywa wote.

Siku ya pili saa tisa alasiri nilifungua laini ya kituo, polepole, mkono wangu ukiuliza kila mzunguko. Klampu moja ilitoa jasho, matone tu. Mzee akasema jasho si kilio. Nikashuka getini, nesi akaenda kwenye bomba la ukutani, akafungua. Lilikohoa, likatapika kutu, likatulia. Akabandua tangazo la madumu mwenyewe, akalikunja, akaliweka mfukoni mwa koti.

Tulipata siku tatu.

Siku ya nne Injinia alinipigia saa mbili asubuhi. Wakubwa wake walikuwa wamesikia kwamba tumetumia vifaa vya loji, visivyo kwenye orodha, vimefungwa bila kibali. Mkaguzi angekuja Alhamisi. Hadi hapo laini ifungwe, na ifungwe leo, saa nne.

"Leo Jumatatu," nikasema.

"Najua, mama."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Najua kuhesabu, mama. Funga."

Alipiga wakati Mangi anamsaidia binti yangu kupanda pikapu. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Kituoni hawakuruhusu ndugu kuvuka geti siku hizo, hata mama mzazi. Ungesimama nje ukashika nondo na kusikiliza. Nikamfunga binti khanga vizuri, nikamwambia asisukume kabla ya kuambiwa. Akauliza, "Wewe huji?"

"Nakwenda kazini," nikamwambia. "Pale juu yako kidogo."

Nilichukua ufunguo, nikatembea hadi kwenye chemba ya laini ya kituo, pembeni ya shamba la mahindi. Mfuniko wake ni chuma cha upana wa meza ndogo. Sikuuinua. Niliukalia.

Saa nne ikafika. Nikaiacha ipite. Saa nne na nusu simu ikaita.

"Mama, umefunga?"

"Bado."

"Saa nne imepita."

"Nimeiona."

Alikuja kwa bodaboda, shati lake limenyooka, barakoa chini ya kidevu. Alisimama mbele yangu akitazama ufunguo uliolala mapajani mwangu.

"Nipe, nifunge mwenyewe."

"Ufunguo huu nimesainia mimi. Ukitaka kunipokonya, nifukuze kwanza. Utaandika barua, nitaisoma, nitaisoma tena, nitakwenda ofisini kukabidhi vifaa. Tukienda haraka sana ni kesho mchana."

"Na klampu ikiachia?"

"Nayo nitaikalia. Nina mahali pa kukalia pakubwa."

Hakucheka. Akaketi kwenye jiwe, mbali kidogo. Akaniambia kwamba yeye pia ana mkubwa, na mkubwa ana mkubwa, na kwamba hakupenda kutoa amri ile. Nilimwamini. Lakini kuamini hakukuniinua pale nilipokaa.

"Wako wangapi mle ndani?" akauliza.

"Wodi ya uzazi, sita. Nesi amenihesabia. Nikampigia tena, wakawa sita."

"Na wewe una nani?"

"Binti."

Akashika kichwa. "Ungesema tangu asubuhi! Ningekuachia mpaka amalize."

"Amalize wa kwangu, halafu wale watano wanawe kwa kikombe?"

Akatazama saa. Halafu akaanza kufanya nilichokifanya maisha yangu yote.

"Basi mpaka saa nane."

"Mpaka wote sita wamalize."

"Saa tisa, mama."

"Mpaka wote."

"Saa kumi. Zaidi ya hapo siwezi kujibu."

Nimekaa sokoni muda mrefu, najua saa kumi ilikuwa bei nzuri. Mtu mwenye akili angeshika mkono.

"Leo sipunguzi," nikamwambia.

Simu yake ikaita. Alitazama jina, akasimama, akajinyoosha kabla ya kupokea. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza kama laini imefungwa. Injinia alinitazama, akatazama mfuniko, akatazama mahindi.

"Tunaendelea na zoezi, mkuu," akasema. "Ndiyo. Tuko eneo la tukio. Ndiyo, mkuu." Akakata. "Usinishukuru."

"Sijakushukuru."

Saa saba na robo Mangi akapiga. Alikuwa anapiga kelele kama yuko uwanja wa mpira.

"Bibi! Bibi wee!"

"Nani bibi yako?"

"Wewe! Wa kike! Mzima, mama yake mzima. Nesi anasema nikwambie wamemwogesha kwa maji ya bomba, anasema nikwambie hivyo hivyo kama alivyosema!"

Niliweka simu mapajani. Nilitaka kusimama. Kutoka pale hadi getini ni mwendo wa dakika ishirini, na ningeweza hata kumwona kwa mbali, wangemnyanyua dirishani. Injinia alikuwa ananitazama. Alisema kwa sauti ya chini, "Nenda ukamwone, mama. Mimi nitabaki hapa."

"Utabaki na nini? Ufunguo?"

Akapandisha barakoa yake puani.

"Wako watano bado," nikasema. "Binti yangu ananijua. Atangoja."

Alikaa na mimi nusu saa nyingine, kisha akaita bodaboda wake. Kabla ya kupanda akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia hapana. Alirudi na maandazi manne kwenye gazeti, akayaweka ukingoni mwa mfuniko, akaondoka bila kutaja saa.

Saa tisa wakabaki watatu. Saa kumi kasorobo Mangi akapiga tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, ya mtu wa kazini. Bodaboda ameingia kutoka Endabash na mama mmoja, chupa yake ya uzazi imeshapasuka njiani, nesi anauliza kama ampokee au amtafutie madumu.

"Ampokee," nikasema.

"Kwa hiyo wanne."

"Wanne. Niletee koti langu na chai. Na usiitie sukari nyingi kama ya juzi."

Jua lilikuwa limenizunguka na kunipata usoni. Nikahamia upande wa pili wa mfuniko, nikaulaza ufunguo chini ya miguu, nikala andazi la mwisho.